Sweta Niliyoifumua Mwenyewe

Dada yangu mkubwa hakuwahi kumiliki utepe wa kupimia. Alitupima kwa mkono. Alikusimamisha mlangoni umempa mgongo, akatandaza vidole kutoka bega hadi bega, kisha kutoka shingo hadi kiunoni, akitaja hesabu kwa sauti kama karani wa mahakama, na hesabu hiyo ikishaingia kichwani mwake haikutoka tena. Watoto wa mabosi wake wa Kitisuru na Spring Valley, wachungaji wawili, bibi harusi kadhaa, marehemu wengi, wote alikuwa nao kichwani kwa shubiri. Angekutana na mtu sokoni baada ya miaka kumi, jina limempotea kabisa, lakini amwambie papo hapo, "Wewe ni shubiri nne kasoro kidole. Na umenenepa." Kuna watu walikuwa wakimwona kwa mbali wanavuka barabara.

Mimi ni shubiri tatu na vidole viwili, bega hadi bega. Mbavuni nimeongezeka, sikatai, nikiingia kwenye lifti wengine hungoja zamu ya pili, lakini mabega hayajasogea tangu nimalize kukua. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu ulifika wakati ambapo ndiyo peke yake iliyokuwa imebaki kati yetu.

Ugonjwa wa kusahau haukumjia kwa kishindo. Alianza kwa kusahau sufuria motoni. Nani hasahau sufuria? Mimi mwenyewe nimeunguza maharagwe ya kulisha kata nzima. Kisha akasahau njia ya kutoka kanisani hadi nyumbani, njia ambayo ni kona mbili tu. Kisha akanisahau mimi. Anaishi Kangemi kwa binti yake, ambaye kwa desturi yetu ni binti yangu pia, na mimi kwake ni mama mdogo. Mimi nafanya kazi ya nyumba Kileleshwa, fleti ya orofa ya tano. Pale kila mtu ananiita anti, hata baba mwenye nyumba ambaye ana mvi kunishinda. Siku yangu ya mapumziko ni Jumapili.

Basi kila Jumapili ilikuwa hivi. Naingia, dada amekaa kwenye kochi karibu na dirisha, sindano zake za kufuma mkononi. Ananitazama kwa adabu zote.

"Karibu, mama. Keti."

Mama! Mimi, ambaye alinibeba mgongoni mpaka nikawa na magoti yanayogusa chini. Mimi sikai. Nageuka, nampa mgongo, nachutama kidogo ili anifikie.

"Nipime," namwambia.

"Kwani unataka sweta?"

"Nipime kwanza."

Nasikia sindano zikiwekwa chini. Nasikia kiganja kikitua begani, kidole gumba huku, kidole cha mwisho kule, kinajikunja, kinatambaa. Moja. Mbili. Tatu. Halafu vile vidole viwili vya mwisho vinanigusa kwenye mfupa wa bega, vinasimama hapo.

"Kwani ni wewe?"

"Ni mimi, dada."

"Sasa mbona huongei? Unaingia kwa mtu umenyamaza kama askari wa kanjo akinyemelea wachuuzi!" Ananipiga kofi la mgongo. "Umekula?"

Kwa hilo "kwani ni wewe" ningetembea kwa magoti kutoka Kileleshwa. Wiki nzima nilikuwa nikifua, nikipika, nikifagia, na moyoni nina hofu moja tu: kwamba itafika Jumapili ambayo mkono wake utanipima na usimpate mtu.

Waganga wa hospitali walitueleza kwamba kichwa kinasahau, mikono inachelewa kusahau. Hilo nililiona kwa macho yangu. Dada alikuwa hajui ni mwezi gani, lakini mpe sindano mbili na uzi, utaona maajabu. Alifuma kutoka chai ya asubuhi mpaka jua kuingia upande wa pili wa nyumba. Mstari wa mbele, mstari wa nyuma, bila kutazama. Akiwa anafuma uso wake ulitulia, kunung'unika kuliisha, na hakujaribu kutoka nje kwenda kutafuta mama yetu aliyezikwa zamani. Binti aliniambia, "Mama mdogo, akikosa uzi nusu saa tu, hii nyumba inakuwa vita."

Tatizo ni kwamba hakuwa akimfumia mtu. Alifuma mgongo wa sweta, ukawa mrefu, ukawa shuka, ukawa zulia. Alifuma mkono mmoja wa sweta wa mtoto na mwingine wa zimwi. Uzi ulikwisha kama maji ya mfereji wa mtaani. Nikaenda mjini, kwenye duka dogo upande wa mtaa wa Biashara ambako dada alinunua uzi miaka yote. Mwenye duka ni mzee Mhindi wa kilemba, baba yake aliuza uzi hapo, na nadhani babu yake alimuuzia Adamu.

"Mama, tena wiki hii?" akaniuliza. "Dada yako anafumia jeshi?"

"Anafumia hewa, mzee."

Nikamweleza hali. Akakuna ndevu, halafu akaniambia kitu ambacho mfanyabiashara hapaswi kumwambia mteja. "Usinunue. Chukua ile amefuma, fumua, osha, rudisha. Yeye atajua?"

Hatajua, nikasema. Na kweli hakujua.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mfumuaji. Kila Jumapili binti aliniwekea mfuko mlangoni, mna vipande vya wiki. Nilipanda navyo Kileleshwa, na Jumatatu, watoto wakishaenda shule, nakaa jikoni nafumua. Uzi uliofumuliwa hauwi sawa mara moja. Unabaki na mawimbi, kila kitanzi kimeacha mkunjo wake, ukiutazama ni kama nywele za mtu aliyefungua misuko. Nilipindua kiti, nikazungusha uzi kwenye miguu yake minne, nikaufunga, nikaosha, nikauning'iniza barazani na chupa ya maji chini yake ili uvutike unyooke. Baraza la orofa ya tano likawa kiwanda. Siku moja mama mwenye nyumba alisimama hapo akiwa na kikombe chake.

"Anti, hizi tambi ni za nani?"

"Ni za dada yangu."

"Anakula?"

"Anafuma."

Akatikisa kichwa, akaenda kazini. Ni mwajiri mzuri. Ndiye aliyenilipia shule ya jioni. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa mama mzima mwenye miwani, nimebanwa kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu mpaka siku ya mwisho ikabidi wanifungue kwa msumeno, au karibu. Alama yangu ya hisabati ilikuwa nzuri kiasi kwamba mwalimu aliipeleka karatasi dirishani kuitazama kwenye mwanga. Hakujua kwamba mimi na hesabu tulijuana zamani, chini ya mkono wa dada.

Alinifundisha kufuma nikiwa na miaka sita, nyumbani, magharibi mwa nchi. Hatukuwa na sindano. Tulikuwa na waya mbili za gurudumu la baiskeli ya mjomba, ambaye kwa muda mrefu alishangaa kwa nini gurudumu lake linayumba. Dada alikaa nyuma yangu, mikono yake juu ya mikono yangu, na kwa siku nzima hakuniambia neno zaidi ya "ingiza, zungusha, toa, angusha." Jioni nilikuwa na kitambaa cha ukubwa wa kiganja, kimejikunja kama sikio la sungura, na nilikuwa nimetengeneza kitu ambacho asubuhi hakikuwepo duniani. Sijapata furaha ya namna ile tena, hata siku ya vyeti. Mtu akiniuliza leo kwa nini nafuma wakati sweta za mitumba zimejaa kila kona, namwambia nikifuma najua nilipo. Nina mistari ishirini na miwili. Hakuna kitu kingine maishani mwangu kinachoniambia waziwazi nimefika wapi.

Nyuma yake tulikuwa watoto saba, na dada ndiye aliyetuvika sote, kwa uzi wa rangi moja kwa sababu ulinunuliwa pamoja. Siku ya kufua ilikuwa siku ya ngumi. Kwa hiyo akabuni alama. Kila mtoto aliwekewa vinundu vyake upande wa ndani wa ukingo wa mgongo, pale anapoanzia kufuma, ambapo jicho halioni lakini kidole kinahisi. Kaka yetu mkubwa alikuwa kinundu kimoja. Mimi nilikuwa vitatu. Hata sweta ya bluu aliyonifumia ya kwenda nayo shule ya jioni, mimi bibi kizee wa darasani, niliingiza kidole nikavikuta: vitatu. Vipande vyake vya siku hizi havikuwa na kinundu hata kimoja. Mwanzoni nilikuwa nikivipapasa kabla ya kufumua. Baada ya miezi kadhaa niliacha. Utamwekeaje alama mtu usiyemfumia?

Sasa nifike Jumatatu yenyewe.

Jumapili hiyo nilifika Kangemi nimechelewa, binti ameenda kanisani, jirani ndiye aliyekaa na dada. Dada alikuwa amelala kitini. Sikumwamsha, na kwa hiyo sikupimwa. Niliketi karibu naye mpaka saa ya kurudi, nikachukua mfuko wangu mlangoni kama kawaida. Vipande vinne, vimekunjwa vizuri. Vimekunjwa! Mfuko ule siku zote ulikuwa umefinyangwa kama nguo za kufuliwa.

Jumatatu nikapindua kiti changu na kuanza. Asiyefuma labda hajui: sweta hufumuliwa kutoka pale ilipoishia, si pale ilipoanzia. Dada alianza kufuma kiunoni na kumalizia shingoni, kwa hiyo mimi naanza shingoni nashuka, na mwanzo wake ndio unaokuwa mwisho wangu. Nilianza na mikono. Nilikuwa na kasi siku hiyo, uzi ulikuwa unaruka kwenye miguu ya kiti mpaka paka wa jirani akaja kutazama. Na niliona. Hilo ndilo siwezi kujisamehe, niliona. Nilisema kwa sauti, peke yangu jikoni, "Ala, leo mikono yote miwili ni urefu mmoja." Nikafurahi kwamba mkono wake uko imara. Na nikaendelea kuvuta.

Kipande cha mbele nacho kikaisha. Mgongo ukawa wa mwisho. Ulikuwa unashuka vizuri, mstari baada ya mstari, kila mstari ukitoa ule mlio mdogo kama wa mtu anayerarua karatasi polepole, mpaka nikafika kwenye ukingo wa chini, kimebaki kipande cha upana wa vidole vitatu. Uzi ukagoma. Nikavuta. Ukagoma tena. Nikageuza upande wa ndani niangalie umenasa wapi.

Vinundu vitatu.

Nilikaa pale jikoni nikiwa na ule ukanda mkononi. Maziwa yalifurika jikoni na mimi natazama. Kuzunguka miguu ya kiti kulikuwa na sweta yangu nzima, mikono, kifua na mgongo, imekuwa tambi.

Simu ya binti iliingia mchana.

"Mama mdogo! Imekutosha?"

"Nini?"

"Si sweta! Usiniambie hukuiona, niliikunja nikaiweka peke yake kwa mfuko. Nilitaka ushtuke mwenyewe. Unajua Jumatano alifanya nini? Aliamka akaniita kwa jina langu. Jina langu, mama mdogo! Akaniuliza yule mdogo wake yuko wapi. Nikamwambia uko kazini. Akasema huko juu kuna baridi, atapata kifua. Akaanza hapo hapo. Alikuwa anahesabu kwa sauti kabisa. Tatu na viwili, tatu na viwili. Hakula vizuri mpaka Jumamosi imeisha. Alikataa hata nishone pande pamoja, akasema utashona mwenyewe, eti mikono yako si ya mapambo."

Nikaukunja ule ukanda kiganjani.

"Haloo? Imekutosha?"

"Imenitosha," nikasema. "Imenitosha sana."

"Uje umevaa Jumapili!"

Mimi mtu wa kutia chumvi. Naongeza chumvi hadi kwa chai. Lakini uwongo mkavu, wa kumtazama mtu wangu machoni, sikuwa na mazoea nao, na huo ndio niliojifunga nao. Nilikuwa na siku sita. Nikajiambia: ukanda upo, vitanzi vya mwanzo ni vyake, uzi ni ule ule. Nitafuma kutoka pale. Nitaivaa, nitampa mgongo, atapima, atasema "kwani ni wewe," na hakuna atakayejua ila mimi na paka.

Nilirudisha vitanzi kwenye sindano kimoja kimoja, nikishika pumzi. Sikungoja uzi unyooke, niliufuma na mawimbi yake. Nilifuma nikikoroga uji, nilifuma nikingoja pasi ishike moto, nilifuma kwenye ngazi siku umeme ulipopotea na lifti ikalala. Alhamisi nilitumwa mjini, nikapitia kwa yule mzee wa kilemba, nikamwekea kazi yangu kwenye kaunta. Nilitaka aniambie ni nzuri.

Hakuvaa hata miwani. Alipitisha kidole gumba juu ya kitambaa, kutoka chini kwenda juu, akasimama.

"Hapa dada," akasema. Akasogeza kidole upana wa uzi. "Hapa wewe."

"Inaonekana hivyo?"

"Mama, hii ni kama sauti. Watu wawili wanaimba wimbo moja, utajua nani amenyamaza." Akanirudishia. Kisha, kwa kunionea huruma, "Atavaa nani?"

"Mimi."

"Basi si mbaya. Wewe huoni mgongo yako."

Jumapili ilifika na nilikuwa na mgongo tu. Shubiri tatu na vidole viwili, nilijipima kwa kujiegemeza ukutani na kuweka alama kwa chaki. Mikono na kifua havikuwepo. Niliingia Kangemi na ukosi wa koti juu, mfuko kwapani. Binti alikuja mlangoni akicheka, akanifungua koti mwenyewe atazame, akakuta blauzi. Akatazama mfuko. Akatoa kile kipande kikiwa na sindano yake, akaona ule uzi wenye mawimbi, na mikono yangu ambayo haikujua ijifiche wapi. Yeye naye amelelewa kwenye nyumba ya uzi. Alielewa yote bila kuuliza.

"Wacha niweke chai," akasema, na sauti yake ilikuwa kavu.

Dada alikuwa kwenye kochi. Hakuwa na sindano mkononi. Mikono ilikuwa mapajani, imelala wazi.

"Karibu, mama. Keti."

Nikageuka. Nikachutama. "Nipime."

Ulichukua muda mrefu mkono kuja. Ulitua begani, nikausikia ukitandazwa. "Moja," akasema. Ukajikunja, ukatambaa. "Moja." Ukatambaa tena. "Moja." Ukafika mwisho wa bega, ukagusa mfupa, vidole viwili, pale pale vinaposimama siku zote. Nikafunga macho.

Mkono ukaondoka.

"Samahani, mama," akasema, kwa ile sauti yake ya kuongea na watu wa makazini. "Siku hizi sifumii watu wa nje. Niko na mdogo wangu mmoja, huyo tu ndiye nafumia."

Niligeuka nikapiga magoti mbele yake. "Huyo mdogo wako yuko wapi?"

"Yuko juu huko. Kazi ya nyumba. Anasoma pia, usiku." Akatabasamu, akaniegemea kama anayetoa siri. "Ana kichwa! Na mdomo. Anaweza kukwambia ameona ng'ombe anapanda mti, na umwamini. Nimemfumia sweta juzi. Sijui kama ilimfika."

"Ilimfika."

"Unamjua?"

"Namjua."

"Ilimtosha?"

Binti alikuwa amesimama kwenye pazia la jikoni na birika mkononi. Nilisema ilimtosha. Kisha nikafanya upumbavu. Nikatoa kile kipande mfukoni, nikachukua kidole gumba cha dada, nikakiweka upande wa ndani wa ukingo. Nilitaka avihesabu. Nilidhani kama mgongo wangu umepotea, labda vinundu havijapotea.

Na havikuwa vimepotea. Kidole kilisimama kwenye cha kwanza, kikaenda cha pili, kikaenda cha tatu. Uso wake ukaamka. Alikuwa yeye, dada yangu, macho yote mawili, aliyewafukuza kaka zetu kwa mwiko.

"Hii ni ya mdogo wangu," akasema. "Umeitoa wapi?"

"Dada..."

"Nani ameiharibu? Hii nilimaliza! Ilikuwa na mikono!" Akaipindua, akaona sindano, akaona mahali ambapo vitanzi vyake vinaishia na vyangu vinaanza, na kidole chake kilikaa hapo hapo kidole cha yule mzee kilipokaa. "Huyu ni nani ameingiza mkono wake hapa? Mwizi! Umemvua mtoto wa watu nguo!"

"Mama, tulia," binti akasema. "Huyu ni mama mdogo."

"Mama mdogo ya nani? Mwizi huyu! Atoke!"

Akaichukua ile kazi, sindano na yote, akainua makalio kwa shida, akaiweka chini yake na kuikalia. Hapo alikaa, amekunja mikono, ananitazama. Siku nyingine ningecheka mpaka niitwe mgonjwa. Binti alinishika kiwiko, tukatoka nje. Baadaye sana aliniuliza jambo moja tu.

"Hukuona mikono ni sawa?"

"Niliona," nikamwambia.

Dada alikaa juu ya kile kipande mpaka jioni, akalala nacho, na baada ya hapo hakufuma tena. Ukimpa sindano anazishika kama mtu aliyepewa vijiko vya wageni. Binti alinieleza kwamba haikuwa kosa langu, kwamba waganga walikuwa wamesema ingefika tu. Labda. Mimi nimesoma, nina cheti, najua jambo linaweza kufuata jambo bila kuletwa nalo. Lakini najua pia kwamba Jumatano moja aliamka kutoka huko aliko, akafanya kazi siku nne bila kula vizuri ili aniletee kitu, na mimi nilikivuta kikaisha huku nikisifu urefu wa mikono.

Bado naenda. Naketi kwenye kiti cha mbali kidogo, kwa sababu nikisogea ananishuku. Namweleza habari za mjini, naongeza chumvi, ng'ombe watatu juu ya mti, na mara nyingine anatabasamu kwa adabu kama anayetabasamia redio.

Mwezi uliopita binti aliniambia dada anasikia baridi hata jua likiwa kali. Tukatafuta sweta kabatini mwake. Hakukuwa na hata moja ya kufumwa. Alikuwa na koti la mitumba na shali la kanisani. Mwanamke aliyevika watoto saba na nusu ya Spring Valley, hakuna aliyewahi kumwambia simama mlangoni nikupime. Hata mimi. Haikunijia akilini, miaka hamsini.

Nilimpima amelala kitini, mchana, binti akiwa amemwinua kidogo kutoka kwenye mto. Nilitandaza mkono kwa wasiwasi wa mwizi kweli. Shubiri tatu kamili. Nilinunua uzi mpya kwa yule mzee, laini, wa rangi ya majani ya chai, usio na mawimbi ya mtu yeyote, na nikaanza kiunoni kama alivyonifundisha.

Jumapili iliyofuata nilimwekea kipande mgongoni nione. Kilizidi pande zote mbili. Nikadhani nimekosea hesabu, mimi wa alama za dirishani. Nikampima tena: tatu kasoro kidole. Nikafumua, nikaanza upya, vitanzi vichache. Jumapili iliyopita nimempima tena. Sasa kasoro vidole viwili, na mfupa wa bega unachoma kiganja.

Nimefumua tena. Leo nimeanzisha vitanzi sitini. Nafuma kwa haraka kuliko nilivyowahi kufuma maishani, hapa jikoni, na bado ananitangulia kupungua.